Maswali ya Wasomaji: Ukikadiria Modeli Mara Elfu Moja, Uhifadhi Nini?

Toleo hili tumelitenga kwa barua zinazohusu jambo moja: namna ya kutunza matokeo pale mtafiti anapokadiria modeli ya kitakwimu mara nyingi kwa kutumia kompyuta. Barua nyingi zinataja programu ya R, nami nitaitumia katika mifano, ingawa mengi nitakayoyasema yanahusu lugha yoyote ya kompyuta inayotumiwa katika takwimu.

Swali la kwanza

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nina data yenye mistari 100,000 na vigeu huru 10, na ninataka kukadiria modeli ileile ya regresheni mara 1,000, kila mara kwa sampuli mpya inayochotwa kwa kurudisha kutoka katika data hiyohiyo. Mwanzoni niliandika kitanzi cha kawaida, yaani msimbo unaorudia kazi ileile, na kilipomaliza kazi nikakuta modeli moja tu, ile ya mwisho. Baadaye nikaunda orodha na kuandika `matokeo[i] <- lm(...)`, nikapata maonyo mengi, ingawa orodha ilionekana imejaa. Mwenzangu akanishauri nitumie mabano mawili. Maonyo yakaisha, lakini kompyuta ikaishiwa kumbukumbu kabla ya kufika nusu. Wengine wananiambia kwamba tatizo langu ni kutotenga nafasi mapema. Je, nimekosea wapi, na njia iliyo sahihi ni ipi?

Jibu

Ndugu msomaji, umekutana na matatizo matatu yasiyofanana, na kwa kuwa yamekujia kwa kufuatana ni rahisi kuyadhania kuwa tatizo moja.

La kwanza ni dogo. Kitanzi hakihifadhi kitu chenyewe. Kila mzunguko uliandika modeli mpya juu ya jina lilelile, na modeli iliyotangulia ikafutika. Unahitaji chombo kilicho nje ya kitanzi, chenye nafasi moja kwa kila mzunguko. Katika R chombo hicho ni orodha, kwa sababu vekta ya kawaida hubeba vitu vya aina moja tu, kama namba au maneno, ilhali orodha hubeba kitu cha aina yoyote.

La pili lina hila ndani yake, na ninashukuru kwamba hukuyapuuza maonyo yale. Modeli inayotolewa na `lm`, funksheni ya R ya kukadiria regresheni, ni orodha yenye sehemu zaidi ya kumi. Ukiandika `matokeo[i]`, unaiagiza R ichukue kipande cha orodha chenye nafasi moja na kukijaza kwa sehemu zote hizo. R huiweka sehemu ya kwanza, huziacha zote zinazofuata, na hutoa onyo kwamba idadi haziwiani. Sehemu ya kwanza ya modeli ya `lm` ni koefisienti zake, yaani namba zinazopima athari ya kila kigeu huru, na ndiyo maana orodha yako ilionekana imejaa vizuri: kila nafasi ilikuwa na namba za kuaminika, lakini makosa sanifu (vipimo vya kutokuwa na uhakika wa makadirio), mabaki (tofauti kati ya data na makadirio) na idadi ya mistari iliyotumika vilikuwa vimekwisha kupotea. Mwenzako alikushauri sawa. Mabano mawili, yaani `matokeo[[i]]`, huiweka modeli nzima katika nafasi moja.

Na hapo ndipo lilipozaliwa tatizo la tatu, ambalo ndilo kubwa. Modeli nzima ina nini ndani yake? Tufanye hesabu kwa data yako. Namba moja ya desimali huchukua baiti 8, kwa hiyo safuwima moja yenye mistari 100,000 huchukua megabaiti 0.8. Modeli ya `lm` hubeba nakala ya data iliyotumika, yaani kigeu tegemezi pamoja na vigeu huru kumi, ambazo ni megabaiti 8.8. Hubeba pia matriki iliyotumika kutafuta suluhisho, yenye safuwima 11 ukihesabu na ile ya mkato wa mhimili, nayo ni megabaiti 8.8 nyingine. Ongeza mabaki, makadirio ya kila mstari, na safuwima moja ya hesabu za ndani, ambazo kwa pamoja ni megabaiti 2.4. Jumla ni megabaiti 20 kwa modeli moja, kabla hata ya kuhesabu majina ya mistari. Zidisha kwa 1,000 upate gigabaiti 20. Kwa kuwa kila sampuli yako imechotwa upya, R haiwezi kutumia nakala moja ya data kwa modeli zote. Kila modeli inabeba ya kwake.

Sasa linganisha na kile unachokihitaji hasa. Koefisienti 11, kila moja na kosa lake sanifu, thamani ya t na thamani ya p, ni namba 44, yaani baiti 352. Kwa mizunguko 1,000 hiyo ni kilobaiti 352 tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uamue kabla ya kuandika kitanzi ni namba zipi zitaingia katika ripoti yako, uzitoe ndani ya mzunguko uleule modeli inapopatikana, kisha uiache modeli yenyewe ipotee. Msimbo wake unaweza kuwa hivi:

```
n <- 1000
matokeo <- vector("list", n)
for (i in seq_len(n)) {
  chaguo <- sample(nrow(takwimu), replace = TRUE)
  m <- lm(y ~ ., data = takwimu[chaguo, ])
  s <- coef(summary(m))
  matokeo[[i]] <- data.frame(mzunguko = i, jina = rownames(s),
                             kadirio = s[, 1], kosa = s[, 2],
                             row.names = NULL)
}
jedwali <- do.call(rbind, matokeo)
```

Utapata jedwali moja lenye mistari 11,000, kila mstari ukisema ni mzunguko gani, ni koefisienti ipi, na thamani yake ni ipi. Umbo hili refu na jembamba ninalipendelea kuliko matriki yenye safuwima kumi na moja, kwa sababu nitakazozieleza katika jibu la swali la tatu.

Usivutiwe na wazo la kuhifadhi wastani na mkengeuko sanifu peke yake ili kuokoa nafasi zaidi. Mbinu ya kuchota sampuli upya, ambayo Bradley Efron aliitambulisha mwaka 1979, ina njia kadhaa za kupata mipaka ya imani, yaani mipaka inayotarajiwa kuifunika thamani ya kweli, na mojawapo iliyo maarufu huchukua asilimia ya 2.5 na ya 97.5 ya makadirio yote. Huwezi kuzipata asilimia hizo kutoka kwenye wastani. Vilevile, kama unajua kwamba baadaye utajumlisha koefisienti mbili au utatabiri thamani mpya kwa kutumia kila modeli, makosa sanifu peke yake hayatoshi, kwa kuwa hayasemi koefisienti hizo zinavyobadilika kwa pamoja. Katika hali hiyo hifadhi pia matriki ya kovariansi ambayo `vcov` huitoa. Kwa modeli yako ni namba 121, yaani baiti 968, na kwa modeli zote elfu moja haifiki megabaiti moja.

Kuna njia ya kuipunguza modeli badala ya kuitupa: `lm` hukubali `model = FALSE` na `qr = FALSE`. Ya kwanza huondoa nakala ya data. Ya pili huondoa ile matriki ya suluhisho, lakini baada ya hapo `summary` hukataa kufanya kazi, kwa hiyo utakuwa umeitunza modeli isiyoweza kukupa hata makosa sanifu. Sipendekezi. Zaidi ya hayo, fomula ndani ya modeli hukumbuka mazingira ilimoandikwa. Ikiwa uliikadiria modeli ndani ya funksheni, vitu vyote vilivyokuwa ndani ya funksheni hiyo hubaki vimeshikiliwa na fomula, na huandikwa pamoja nayo katika faili unapotumia `saveRDS`. Amri ya `object.size` haiyahesabu mazingira hayo, na ndiyo sababu mtu huona modeli ndogo ndani ya R, kisha akakuta faili kubwa asiyoelewa imetoka wapi.

Kuhusu kutenga nafasi mapema, waliokushauri hawakukosea, ila hilo silo lililokukwamisha. Ukiikuza vekta kwa `c(matokeo, kipya)`, R hunakili vyote vilivyotangulia katika kila mzunguko, na jumla ya vitu vinavyonakiliwa hukaribia nusu ya mraba wa idadi ya mizunguko. Kwa mizunguko 1,000 hiyo ni takriban nakala 500,000, kazi isiyoonekana mbele ya muda wa kukadiria modeli. Kwa mizunguko 100,000 zinafika bilioni 5, na hapo utaiona. Tangu toleo la 3.4.0 la mwaka 2017, R hutenga nafasi kidogo ya ziada pale unapoweka kitu kupita mwisho wa vekta kwa kutumia namba ya nafasi, hivyo tatizo limepungua kwa namna hiyo ya kuandika, lakini halijapungua kwa `c()`. Kilicho kibaya zaidi ni kuunganisha majedwali kwa `rbind` ndani ya kitanzi, kwa sababu kila mara R hulikagua jedwali zima upya. Kusanya vipande katika orodha, kisha uviunganishe mara moja mwishoni, kama nilivyofanya hapo juu.

Swali la pili

Ndugu Mhariri, ninakadiria regresheni ya lojistiki, yaani modeli ya matokeo ya ndiyo au hapana, kwa makundi 40, kila kundi na modeli yake. Baadhi ya modeli hukwama kwa kosa na kusimamisha kitanzi kizima, kwa hiyo nilitumia `tryCatch`, amri ya R ya kunasa makosa, ili modeli iliyoshindikana irudishe `NULL`, yaani kitu kitupu. Mwishoni nilipata jedwali lenye mistari 37. Nilipobandika majina ya makundi nikagundua hayalingani na mistari. Modeli nyingine zilitoa onyo tu, nami nikayafanya maonyo yarudishe `NULL` pia. Je, inatosha kusema katika ripoti kwamba makundi matatu hayakuwa na data ya kutosha?

Jibu

Haitoshi, na ninakuomba usiitoe ripoti hiyo kabla ya kurudia hatua moja.

Kilichotokea ni kwamba `rbind` huruka `NULL` bila kusema neno. Vipande 40 viliingia, vitatu vilikuwa vitupu, mistari 37 ikatoka, na hakuna mstari hata mmoja uliojua umetoka katika kundi gani. Ukibandika majina kwa kufuata nafasi, kila kundi lililo baada ya lile la kwanza kushindikana hubeba matokeo ya jirani yake. Kosa la aina hii halionekani kwa macho, kwa sababu namba zote ni za kweli. Zimekaa tu kwa mwenye jina jingine. Tahadhari ileile inahitajika ukirudi kurekebisha orodha iliyokwisha kujaa: ukiandika `matokeo[[5]] <- NULL`, R haiiachi nafasi ya tano wazi, bali huifuta kabisa, na ya sita inakuwa ya tano. Ukitaka nafasi ibaki tupu, andika `matokeo[5] <- list(NULL)`.

Tiba ya yote haya ni moja: jina la kundi liingizwe katika mstari ndani ya mzunguko uleule, na modeli iliyoshindikana nayo ipate mstari wake. Mstari huo utakuwa na jina la kundi, makadirio yatakuwa `NA` (alama ya thamani iliyokosekana), na safuwima moja ya maneno itabeba ujumbe wa kosa kama R ilivyoutoa. Jedwali lako litakuwa na mistari 40 bila kujali kilichotokea, na wewe na msomaji wako mtaweza kuona ni makundi gani yalishindikana na kwa sababu ipi.

Suala la maonyo ni zito zaidi. `tryCatch` inaponasa onyo, huiacha kazi iliyokuwa inaendelea na haiirudii. Maana yake ni kwamba modeli ambazo huenda zingekamilika, zikiwa na dosari ya kuandikwa pembeni, umezitupa pamoja na zile zilizoshindwa kabisa. Tumia `withCallingHandlers` kwa maonyo: ndani yake unaunakili ujumbe wa onyo katika kigeu cha nje, kisha unaita `invokeRestart("muffleWarning")`, na ukadiriaji unaendelea hadi mwisho. Makosa yabaki kwa `tryCatch`.

Baada ya hapo hifadhi kwa kila modeli ya lojistiki idadi ya mistari, idadi ya matukio, thamani ya `converged` (inayosema kama ukadiriaji ulifika kwenye suluhisho), na maneno ya onyo. Usiitegemee `converged` peke yake. Kwa kawaida `glm`, funksheni ya R inayokadiria modeli hizo, huruhusu mizunguko 25 ya ndani na husimama pale mabadiliko yanapokuwa madogo mno. Katika kundi ambalo kigeu kimoja huyatenganisha kikamilifu matokeo ya ndiyo na ya hapana, kadirio la uwezekano mkubwa kabisa halipo. Albert na Anderson walilifafanua jambo hilo mwaka 1984. Hata hivyo `glm` inaweza kusimama na kutangaza kwamba imefika, huku ikikupa koefisienti kubwa kupita kiasi na kosa sanifu kubwa kuliko hiyo koefisienti mara nyingi. Onyo linalosema kwamba baadhi ya makadirio ya uwezekano yamekuwa sifuri au moja ndilo mara nyingi hukuashiria hali hiyo, na ndilo ulilokuwa ukilifuta.

Ninalisisitiza hili kwa sababu modeli hazishindikani kwa bahati nasibu. Hushindikana mahali ambapo data ni chache au ambapo athari ni kali sana, na ukiziondoa kimyakimya, makundi yanayobaki huwa si picha ya makundi yote. Wanaofanya majaribio ya uigaji hukutana na jambo hilohilo. Tuseme mtu anaiga sampuli 1,000 ili kuona kama mipaka ya imani ya asilimia 95 huufunika ukweli mara 950. Kosa sanifu la uigaji wenyewe ni takriban 0.007, yaani chini ya asilimia moja. Kama sampuli 60 zilikwama na zikaachwa, asilimia sita ya ushahidi imeondolewa kwa namna isiyo ya nasibu, na usahihi ule wa chini ya asilimia moja hauna maana tena. Hesabu ya walioshindwa ni sehemu ya matokeo na inastahili kuhifadhiwa kwa uangalifu uleule.

Swali la tatu

Ndugu Mhariri, nilitenga matriki yenye mstari mmoja kwa kila kundi na safuwima moja kwa kila koefisienti. Kitanzi kinafanya kazi kwa makundi mengi, kisha kinasimama kwa kosa la urefu usiolingana. Nilipotumia `sapply` badala yake, mara nyingine napata matriki na mara nyingine orodha. Kwa nini?

Jibu

Kwa sababu modeli zako hazina koefisienti zilezile, ingawa fomula ni ileile. Kama kuna kigeu cha makundi, tuseme chenye ngazi A, B na C, na katika kundi fulani hakuna mtu wa ngazi C, `lm` huiondoa ngazi hiyo na koefisienti yake haipo. Hali ya pili ni pale kigeu kimoja kinapotegemea vingine kikamilifu: hapo `coef(m)` hukupa `NA` mahali pake, lakini `coef(summary(m))` huuondoa mstari huo kabisa. Mtu anayechukua makadirio kutoka ya kwanza na makosa sanifu kutoka ya pili, kisha akayapanga kwa nafasi, anaweza kumpa kadirio moja kosa sanifu la mwenzake.

`sapply` hurudia kazi ileile kwa kila kipengele, kisha hujaribu kurahisisha matokeo. Urefu ukilingana hutoa matriki, usipolingana hukuachia orodha. Katika msimbo utakaotumika tena, tumia `vapply`, ambayo hukulazimisha kutaja mapema aina na urefu wa jibu, na husimama mara moja jibu linapokuja na umbo jingine. Au tumia `lapply`, ambayo hurudisha orodha daima.

Jedwali refu nililolionyesha katika jibu la kwanza huondoa tatizo la urefu, kwa kuwa modeli yenye koefisienti nne huleta mistari minne na yenye tano huleta mitano, kila mmoja na jina lake. Lakini majina nayo yana mpaka, na hapa ninaomba usome polepole. Ikiwa ngazi iliyokosekana katika kundi ni A, ambayo ndiyo ngazi ya rejea, R huichukua B kuwa rejea mpya bila kutoa onyo. Koefisienti ya C itakuwa na jina lilelile kama katika makundi mengine, lakini sasa inapima tofauti kati ya C na B, ilhali kwingine inapima tofauti kati ya C na A. Ukichukua wastani wa koefisienti hizo utakuwa umechanganya vitu viwili visivyofanana chini ya jina moja, na hakuna programu itakayokuonya.

Kwa hiyo ongeza safuwima ya ngazi ya rejea. Modeli hubeba sehemu iitwayo `xlevels`, yenye ngazi za kila kigeu cha makundi kama zilivyotumika, na kwa mpangilio wa kawaida wa R ngazi ya kwanza ndiyo rejea. Kuitoa ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo, nayo itakuwezesha kuchuja mara moja modeli zote ambazo rejea yake si A.

Swali la nne

Ndugu Mhariri, uigaji wangu huchukua siku nzima, na mara mbili kompyuta imezimika katikati nikapoteza kila kitu. Ninafikiria kugawa kazi kwa viini vyote vya prosesa. Nifanyeje ili nisipoteze kazi, na ili nikiulizwa niweze kurudia matokeo yaleyale?

Jibu

Gawa kazi katika mafungu, kwa mfano mizunguko 100 kwa kila fungu, na kila fungu likimalizika liandike katika faili lake lenye namba ya fungu katika jina. Kitanzi kinapoanza, kiangalie kwanza kwa `file.exists` kama faili la fungu hilo lipo, na kama lipo kiliruke. Kompyuta ikizimika utapoteza fungu moja pekee. Liandike faili kwanza kwa jina la muda, kisha ulibadilishe jina kwa `file.rename` baada ya uandishi kukamilika, maana faili lililokatika katikati ya kuandikwa lingeweza kuhesabiwa kuwa kamili pale kitanzi kitakapoanza tena.

Kuhusu kurudia matokeo, `set.seed` (amri inayoweka mbegu, yaani namba ya kuanzishia mfululizo wa namba nasibu) moja mwanzoni mwa kazi nzima haitoshi tena. Ukiruka mafungu yaliyokwisha, mfululizo wa namba nasibu utakuwa mahali tofauti na pale ulipokuwa mara ya kwanza. Na ukigawa kazi kwa viini vingi, mgawanyo wenyewe hubadilisha nani anapata namba zipi. Kila fungu linahitaji mkondo wake wa namba nasibu. R ina kizalishi kiitwacho L'Ecuyer-CMRG, unachokichagua kwa `RNGkind`, na funksheni `nextRNGStream` katika kifurushi cha `parallel` hukupa mikondo iliyotenganishwa kwa hatua 2 kwa kipeo cha 127, umbali ambao uigaji wako hautaufikia. Tayarisha mikondo yote kabla ya kuanza na uihifadhi katika faili. Siku utakapotaka kuchunguza kwa nini fungu la 37 lilitoa jibu la ajabu, utalirudia lenyewe tu, na hilo ndilo linalokupa ujasiri wa kutohifadhi modeli nzima: mradi una data, mkondo na msimbo, modeli yoyote inaweza kuzaliwa tena.

Andika pia toleo la R katika faili la matokeo. Mwaka 2019, kwa toleo la 3.6.0, namna ambavyo `sample` huchagua ilibadilishwa ili kuondoa upendeleo mdogo uliokuwapo, na tangu hapo mbegu ileile hutoa sampuli tofauti na za matoleo ya awali usipoomba njia ya zamani.

Kwa aina ya faili, `saveRDS` hutunza namba kama zilivyo na hubana faili yenyewe. `write.csv` huandika tarakimu 15 za maana, wakati namba ya desimali ya kompyuta huweza kuhitaji 17 ili irudi ilivyokuwa. Tofauti hiyo haitabadilisha hitimisho lako, lakini itakusumbua ukijaribu kuthibitisha kwamba marudio yametoa jibu lilelile hadi tarakimu ya mwisho. Hifadhi faili la `rds` kwa kazi yako, na toa la `csv` kwa wenzako wanaotumia programu nyingine.

Swali la tano

Ndugu Mhariri, mimi natumia Python. Je, ushauri huu wa kutenga nafasi mapema na kukusanya katika orodha unanihusu? Msimbo wangu wa zamani ulikuwa ukiongeza mistari kwenye jedwali la pandas (kifurushi cha Python cha kushughulikia majedwali) kwa `append`, na sasa haukubali kabisa.

Jibu

Kutenga nafasi mapema hakukuhusu sana, kwa sababu orodha ya Python hujitengea nafasi ya ziada inapokua, na kuongeza kitu mwishoni ni kazi nyepesi. Kilichobaki kinakuhusu chote. `DataFrame.append` iliondolewa katika pandas toleo la 2.0 la mwaka 2023, na kuondolewa kwake ni kwa manufaa yako: kila ilipoitwa ililinakili jedwali zima. Ongeza kwenye orodha ya kawaida kamusi moja kwa kila koefisienti ya kila modeli, yenye namba ya mzunguko, jina, kadirio, kosa sanifu na ujumbe wa onyo kama upo, kisha uipeleke orodha yote kwa `pd.DataFrame` mara moja baada ya kitanzi. Modeli iliyoshindikana iongezewe kamusi yenye jina la kundi na ujumbe wa kosa tu. Pandas itajaza yenyewe `NaN` katika safuwima zilizokosekana.